Gesi peke yake haioteshi viazi: safari ya mbolea mpaka Djugu

Maneno tuliyosema mbele ya vijana, hapa Bunia



Tuanze na swali moja. Linarudi kila mara tunapokaa na vijana: "Kama Congo iko na gesi, juu ya nini mbolea inatoka ng'ambo, na mama wa shamba hawezi kununua hata mfuko mmoja?"

Swali hili ni zuri. Wengi wetu hapa tuko na diplome. Kuna wa agronomia, wa uchumi, wa kemia. Kazi hatuna, na hilo mnalijua, hatutalilia leo. Lakini muda tuko nao. Kwa hiyo tulisoma, tukauliza wakulima, wauzaji wa depo na madereva wa barabara ya Mahagi. Leo tunawaletea tulichoelewa. Si hotuba ya kupiga makofi. Ni hesabu.

Kwanza: ndani ya mfuko kuna nini?

Kamata mfuko wa urea wa kilo 50. Juu yake imeandikwa 46. Maana yake, katika kila kilo mia, kilo 46 ni azoti. Kwa hiyo ndani ya ule mfuko mko na kilo 23 za azoti. Mfuko wa NPK 17-17-17 ni namna moja: azoti 17 kwa mia, fosfori 17, potasi 17. Zile namba si mapambo. Njo kitu unacholipia. Anayekuuzia mfuko bila namba, au mfuko ulioshonwa upya kwa mkono, anaweza kukuuzia udongo mweupe. Sisi wenyewe tulishanunua mfuko wa namna ile kwa shamba letu la pamoja. Tulitia, tukangojea, mahindi yakabaki ya manjano. Tulipoteza pesa na msimu.

Azoti inatoka wapi? Hewa hii tunayovuta, karibu 78 kwa mia ni azoti. Lakini mmea hauwezi kuila vile ilivyo, lazima ifungwe na hidrojeni. Fritz Haber, Mjerumani, alipata njia mwaka 1909. Carl Bosch akaifanya kuwa kazi ya kiwanda, na kiwanda cha kwanza kikaanza Oppau mwaka 1913. Mpaka leo njia ni ile ile. Unachukua gesi ya metani, unatoa hidrojeni ndani yake, unaikutanisha na azoti ya hewa kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, unapata amoniaki. Ile amoniaki ukiichanganya na gesi ya kaboni, unapata urea.

Kwa hiyo gesi inafanya kazi mbili: ni kitu kinachopikwa, na ni moto wa kupikia. Bei ya gesi ikipanda, bei ya urea inapanda nayo. Tuliona mwaka 2022: Urusi ilipoingia Ukraine, tani moja ya urea ilipita dola 900 katika soko la dunia. Vita iko kule, lakini anayelipa ni mtu wa Fataki ambaye hata hajui Ukraine iko wapi. Na vita yake mwenyewe bado iko pale pale mlangoni.

Pili: gesi yetu iko wapi?

Iko sehemu tatu za kuzungumzia. Ya kwanza ni Muanda, kwenye bahari, ambako mafuta yanatolewa tangu miaka ya 1970. Gesi inayopanda pamoja na yale mafuta, sehemu yake inachomwa hewani. Watu wa kule wanaona ule moto usiku. Inchi inanunua mbolea nje, na gesi inayoweza kutengeneza mbolea inageuka moshi.

Ya pili ni Ziwa Kivu. Chini ya maji yake kuna karibu mita za ujazo bilioni 60 za metani, na karibu bilioni 300 za gesi ya kaboni. Ni mali ya inchi mbili, sisi na Rwanda. Upande wa Rwanda, gesi ya ziwa ilianza kutumika zamani, mwaka 1963, kwa kiwanda cha pombe cha Gisenyi. Na sasa kuna KivuWatt kule Kibuye inayotoa umeme megawati 26 hivi. Upande wetu? Julai 2022 serkali ilitangaza mnada wa bloki 27 za mafuta na 3 za gesi ya Kivu. Mnada wa mafuta ulifutwa Oktoba 2024. Gesi ya Kivu ilipata majina ya kampuni kwenye karatasi. Halafu Januari 2025 Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na Februari Bukavu ikafuata. Mnajua wenyewe hali ilivyo.

Ya tatu iko karibu yetu: Ziwa Albert, Tchomia na Kasenyi. Ng'ambo ya maji, upande wa Uganda, Wachina wa CNOOC wanachimba Kingfisher. Usiku wavuvi wetu wanaona taa zao. Upande wetu, bloki za mafuta zilipewa watu kwa sahihi ya Kinshasa tangu mwaka 2010, miaka ikapita, na mtu wa Tchomia hakuona hata taa moja.

Sasa tupige hesabu. Ili kupata tani moja ya urea unahitaji, kwa makadirio, mita za ujazo 600 za gesi. Kiwanda kidogo cha tani laki moja kwa mwaka kingekula mita za ujazo milioni 60 hivi. Kivu ingeweza kukilisha kiwanda cha namna ile kwa miaka mingi sana. Kwa hiyo anayesema "gesi hatuna" anadanganya.

Lakini anayesema "gesi tunayo, basi mbolea itakuwa bei chini" naye anadanganya. Kiwanda cha Dangote kule Lekki, Nigeria, kilichozinduliwa Machi 2022, kinaweza kutoa tani milioni 3 za urea kwa mwaka. Kilijengwa kwa dola bilioni 2,5 hivi. Kiwanda kidogo hakihitaji pesa zile zote, lakini kila tani yake inatoka ghali zaidi. Na kinahitaji umeme usiokatika, maji, mafundi, barabara, na miaka kama 20 bila bunduki.

Tatu: wenzetu walifanya nini?

Nigeria wako na gesi, na viwanda wamejenga. Lakini sehemu ya ile urea inapanda meli kwenda Brazil, Marekani na India, kwa sababu kule kuna dola. Mkulima wa Nigeria anashindana kwa bei na mkulima wa Brazil mwenye trakta. Kiwanda kuwa katika inchi yako haimaanishi mfuko utafika shambani kwako.

Tanzania waligundua gesi ya Songo Songo mwaka 1974. Ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, miaka thelathini baadaye, ikaenda kwa umeme na kiwanda cha saruji. Kiwanda cha mbolea cha Kilwa kimetangazwa na kutangazwa tena, serkali moja baada ya nyingine, na urea wanaendelea kununua nje. Ilipofika 2022 na bei ikapanda, walitoa ruzuku ili mkulima aweze kupumua. Ruzuku ilifika mbele ya kiwanda. Tukumbuke jambo hilo.

Na gesi inatoa azoti tu. Fosfori inatoka kwa mawe, potasi inatoka kwa chumvi ya chini ya ardhi, Canada, Urusi, Belarus. Mawe ya fosfori yako karibu: Minjingu kule Tanzania, na Tororo upande wa Uganda, ambako kiwanda cha Sukulu kilizinduliwa mwaka 2018. Angalieni ramani. Kutoka Bunia, Tororo ni karibu kuliko Kinshasa.

Nne: safari ya mfuko mpaka Djugu

Tuseme mfuko wa urea umetoka Ghuba, Qatar, Saudi Arabia au Oman, ambako gesi ni nyingi na viwanda viko kando ya bahari. Unapanda meli mpaka Mombasa. Unapanda lori, unapita Kenya, unapita Uganda, unafika Goli, unavuka Mahagi. Mpaka pale umeshatembea maelfu ya kilometa, na bei imepanda, sawa, lakini kwa namna mtu anaweza kuelewa. Kuna karatasi, kuna risiti.

Sasa unaingia kwetu. Forodha. Ofisi hii, ofisi ile, kila mmoja na karatasi yake. Halafu barabara. Halafu bariere. Bariere ya watu wenye uniforme, na kilometa chache mbele, bariere ya watu wenye silaha wasio na uniforme. Dereva analipa huku na kule, na hakuna anayempa risiti. Yote anaiweka juu ya mfuko. Muuzaji wa Bunia anaongeza yake, kwa sababu na yeye anakopa na anaogopa. Yule anayepeleka kwa moto mpaka Kpandroma, Fataki au Bule anaongeza tena, maana anabeba mbolea na anabeba roho yake.

Mwishoni mama anaambiwa bei, anacheka kidogo, anarudi nyumbani na jembe lake.

Kipande cha kutoka Mahagi mpaka shambani ni kifupi kuliko vyote. Lakini njo kipande kinachovunja mgongo. Na kipande hicho hakihitaji gesi hata chembe ili kitengenezwe. Kinahitaji serkali inayofanya kazi.

Tano: udongo wenyewe

Djugu ni udongo wa chakula. Viazi vya kizungu, maharagi, mahindi, kabichi, muhogo: Bunia ilikula kutoka kule, na Mongbwalu vilevile. Kabla ya Desemba 2017, mambo hayakuwa paradiso, tusidanganyane. Lakini kulikuwa na mapatano ya kawaida: mwenye ng'ombe alikuwa na samadi, mwenye shamba alikuwa na mabua ya mahindi. Ng'ombe walipita shambani baada ya mavuno. Huyu Muhema, huyu Mulendu, na samadi haikuuliza kabila.

Vita ikavunja ile mbolea pia. Ng'ombe waliibiwa au waliuawa. Watu wakakimbia kwenye kambi: Bule, Plaine Savo, Kigonze hapa Bunia. Na hata kambini kifo kiliwafuata: Plaine Savo, Februari 2022, Lala, Juni 2023. Tulizika. Wako kati yetu hapa ambao walizika wa kwao. Hayo yote yalitokea ndani ya hali ya kuzingirwa iliyotangazwa Mei 2021 ili kuleta usalama.

Sasa mkimbizi wa vita anafanya nini? Anakodi kipande kidogo karibu na kambi. Analima msimu kwa msimu, pale pale, bila kupumzisha udongo, kwa sababu kwenda mbali ni kufa. Tulizungumza na mama mmoja aliyetoka upande wa Fataki. Alituambia: "Shamba langu la kule limepumzika miaka, nyasi imefika kichwa, udongo umenona. Mimi niko hapa nakwangua udongo uliochoka." Fikirini hesabu ya yule mama. Udongo mzuri uko bila mtu, na watu wako juu ya udongo uliokufa. Hata ukimletea urea bure, umemsaidia nusu.

Na urea si dawa ya kila kitu. Udongo wa milima yetu, sehemu nyingi ni wenye asidi, na urea ikitiwa peke yake mwaka kwa mwaka inaongeza asidi. Unahitaji chokaa ya shamba, unahitaji samadi, unahitaji kubadilisha mahindi na maharagi au soya. Lakini kwanza unahitaji kupima. Nioka, kule Mahagi, kuna kituo cha INERA kilichoanza tangu wakati wa Wabelgiji kwa ajili ya kilimo cha milima hii. Kituo cha namna ile njo kingepaswa kumwambia mkulima wa Djugu: udongo wako unakosa hiki, weka kiasi hiki.

Tunataka nini, basi?

Marais wa Afrika walikaa Abuja mwaka 2006 wakasema bara litoke kilo 8 za mbolea kwa hektari lifike kilo 50 ifikapo 2015. Mwaka 2015 ukapita. Walikaa tena Nairobi Mei 2024, wakaweka ahadi mpya mpaka 2034. Congo bado iko kati ya inchi zinazotumia mbolea kidogo kabisa duniani. Kinshasa inatuambia udongo utalipa kisasi juu ya madini. Wandugu, udongo haulipi kisasi ukiwa na njaa.

Kwa hiyo tunasema mambo matano.

Moja. Mikataba yote ya gesi na mafuta, ya Kivu, ya Albert, ya Muanda, itangazwe mahali ambapo raia anaweza kuisoma. Na kila mkataba wa gesi useme wazi: je, kuna sehemu ya gesi ya kutengeneza mbolea ya inchi hii, ndiyo au hapana? Hatutaki kuamka siku moja na kukuta yote imeuzwa kwa umeme wa migodi.

Mbili. Mbolea, mbegu na chokaa vipite bila bariere kutoka Mahagi na Aru mpaka shambani. Bariere zisizo za sheria ziondolewe, kuanzia zile za watu wanaolipwa mshahara na raia. Zile serkali inaweza kuziondoa kesho asubuhi. Hazihitaji mapigano.

Tatu. Mifuko ipimwe mpakani, na matokeo yatangazwe. Anayeuza mbolea ya uongo anaiba msimu mzima wa familia. Ashitakiwe kama mwizi.

Ine. Jimbo liweke pesa ya kupima udongo. Maabara moja ndogo hapa Bunia na vijana wa agronomia kumi wenye moto wangefika sekta zote za Djugu palipo na njia. Hao vijana wako. Wamekaa katika chumba hiki.

Tano, na hii njo ya kwanza kwa uzito: watu warudi kwao kwa usalama. Ukiweka ruzuku ya mbolea na mkulima yuko kambini, umempa mwenye depo zawadi.

Na sisi wenyewe?

Kudai bila kufanya kitu ni kelele. Tunaanza na kitu kidogo ambacho hakihitaji ruhusa ya mtu. Kila mmoja wenu alipo, kila mwezi, aandike bei ya mfuko wa urea na wa NPK: Mahagi, Ariwara, Bunia, Mongbwalu, Kpandroma, Tchomia. Bei, tarehe, mahali. Usiandike jina la muuzaji, hatutafuti kumchoma mtu. Mkae macho, usalama wenu kwanza, hakuna bei inayostahili damu ya mtu. Tutakusanya, tutaweka jedwali moja, na tutalipeleka kwa gavana na kwa manaibu wetu. Hapo atakayesema "bei imepanda juu ya vita ya Ukraine" tutamwonyesha ni kiasi gani kimepanda Ukraine na kiasi gani kimepanda kati ya Mahagi na Bunia.

Jambo la pili: wakulima wadogo wanunue pamoja. Watu 20 wakichanga, wanaleta mifuko mizima, imefungwa, wanafungua pamoja na kugawana kwa kilo. Tulishaona kikundi kimoja kimefanya hivyo, Bahema na Balendu ndani, na hawakufanya mkutano wa amani hata mmoja. Walikuwa wanahitaji mbolea tu. Wakiwa wanapima kilo, walianza kuulizana habari za watoto.

Tunamaliza. Gesi ya Kivu na ya Albert ni ya watoto wetu pia, na tutaipigania. Lakini tusikae tukiiangalia kama mtu anayengojea mvua na huku ndoo yake imetoboka. Mnyororo wa mbolea uko na pete nyingi. Zile za mbali ziko mikononi mwa watu wakubwa. Zile za karibu, bariere, mizani, udongo, amani ya jirani na jirani, ziko hapa, na zimevunjika mbele ya macho yetu. Tuanze nazo.

Anayetaka kuandika bei za sehemu yake, abaki baada ya mkutano. Daftari liko hapa mbele.